MTOTO MTUKUTU KATIKA HADITHI

Jioni, katika vijiji vya Kasongo na Kabambare, kazi zikiisha, watoto hukaa karibu na moto na kuomba hadithi. Mtoto mtiifu wa hadithi husahauliwa upesi. Bali yule mtukutu, mwenye kubishana na wakubwa na kuwacheka wenye nguvu, huyo huombwa tena na tena. Mzazi anayejifunza dini huingiwa na mashaka. Amri ya nne yaagiza kuwaheshimu baba na mama. Je, ni halali kumfurahia mtoto wa namna hiyo?

Na ipimwe hadithi ya Mwindo, mtoto mashuhuri wa Wanyanga, wakaao katika misitu ya Walikale, mbali upande wa kaskazini. Mwaka 1956 Shekarisi Rureke aliisimulia, na Daniel Biebuyck akaiandika. Kisha yeye na Kahombo Mateene wakaitoa kitabuni mwaka 1969.

Mwindo alizaliwa akijua tayari kusema na kutembea. Baba yake, mwami Shemwindo, alikuwa ameamuru kwamba mtoto wa kiume asiishi. Alimrushia mikuki, akamzika, mwisho akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa majini. Lakini mtoto aliimba ndani ya ngoma, akimdhihaki baba yake.

Hapo wasikilizaji wadogo hufurahi. Kwa nini? Si kwamba wapenda uovu. Mtoto huamriwa, hutumwa na kunyamazishwa kila siku, hata pale mkubwa anapokosea. Akimwona mdogo mwenzake hashindwi na udhalimu, moyo wake hupata nguvu. Furaha hiyo haina hatia, kwani amri ya nne haimpi baba ruhusa ya kumwua mwanawe.

Hatari ipo mahali pengine. Ushindi ulimtia Mwindo majivuno. Alikwisha kupatana na baba yake, lakini hakujua kujizuia. Joka Kirimu lilipowameza wawindaji wake, aliliua. Nalo lilikuwa rafiki wa Nkuba, bwana wa radi. Nkuba akamchukua juu angani. Mwaka mzima Mwindo aliteswa huko na mvua, jua, mwezi na nyota, pasipo msaada, akakemewa kwa kiburi chake, akakatazwa kuua mnyama tena. Aliporudi aliwapa watu wake amri, na mojawapo yakataza kumdhihaki mgonjwa apitaye kijijini.

Basi, yule aliyependwa kwa dhihaka zake ndiye aliyekataza dhihaka. Kumcheka mwenye nguvu anayedhulumu ni jambo moja. Kumcheka mnyonge ni jingine. Mtoto hawezi kuyatenga hayo mawili peke yake. Akisikia nusu ya hadithi, atajifunza ujeuri tu. Kwa hiyo kosa si kusimulia. Kosa ni kuikatiza hadithi pale kicheko kinapokolea.

Mzazi na asimulie mpaka mwisho, kisha amwulize mtoto: Mwindo alikuwa na haki wapi, na alipotea wapi? Halafu, watoto wakiisha kulala, mzazi ajiulize mwenyewe: katika nyumba hii, Shemwindo ni nani?