Kasuku wa Nyumbani na Haki ya Kutoka Nje



Katika mazungumzo ya vijana baada ya ibada liliulizwa swali ambalo wengine walilicheka. Je, mtu anayefuga kasuku na kumfungia ndani mwaka mzima anatenda vibaya mbele za Mungu? Na akimtoa nje kidogo, je, hiyo ni huruma ya kweli, au anaituliza dhamiri yake tu? Sisi tumeona swali hili si la kuchekwa. Zipo familia chache hapa zenye kasuku, na wengi zaidi tuliwaona wakifugwa huko nyumbani, Maniema, Kisangani na Kasai. Kwa hiyo tumeona vema tulitafakari pamoja.

Kwanza tumjue huyu tunayemzungumzia. Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu ni ndege wa misitu yetu. Haishi peke yake. Jioni hukusanyika na wenzake kwa makundi makubwa kulala mahali pamoja, na asubuhi hutawanyika wakipiga kelele kwenda kutafuta ngazi za mawese na matunda ya porini. Hutaga mayai matatu hadi matano ndani ya shimo la mti mkubwa. Akitunzwa vizuri na wanadamu anaweza kuishi miaka 40 hadi 60. Maana yake ni kwamba baba anayemletea mtoto wake kasuku mchanga analeta kiumbe ambacho huenda kikaishi kuliko yeye mwenyewe. Basi jambo hili si la msimu mmoja.

Sasa, kwa nini atoke nje? Sababu ya kwanza ni jua lenyewe. Mwili wa kasuku hutumia mwanga wa jua kutengeneza vitamini D, na bila hiyo hawezi kutumia vizuri madini ya kalsiamu yaliyo katika chakula. Kasuku wa kijivu anajulikana hasa kwa udhaifu huu. Akikaa gizani na kulishwa mbegu za alizeti peke yake, madini hayo hupungua katika damu. Huanza kutetemeka, huanguka kutoka kwenye kijiti chake, na hata hupata degedege. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halimsaidii, kwa sababu kioo huzuia sehemu ile ya mwanga anayoihitaji.

Sababu ya pili ni hewa. Mapafu ya ndege huumia upesi kuliko yetu, na nyumba zetu nyingi ni chumba kimoja chenye moshi wa kuni au makaa. Sababu ya tatu ni upweke na kukosa la kufanya. Kasuku aliyezoea kundi, akikaa peke yake katika tundu dogo, mara nyingi huanza kujinyonyoa manyoya mpaka kifua kinabaki ngozi tupu. Watu husema amerogwa. Hakurogwa, amechoka.

Wengine watasema: sisi wenyewe mgao hautoshi, leo tuanze kuhangaikia ndege? Tunaelewa. Lakini tukumbuke Luka sura ya 13, pale Bwana Yesu alipolaumiwa kwa kumponya mwanamke aliyepinda mgongo siku ya Sabato. Aliwakumbusha wale waliomlaumu kwamba kila mmoja wao humfungua ng'ombe au punda wake hata siku hiyo na kumpeleka kunywa maji. Bwana hakuwa akifundisha habari za mifugo. Alikuwa akimtetea yule mama. Lakini hoja yake ilisimama juu ya jambo ambalo hakuna aliyelibisha: kwamba mnyama aliyefungwa ana haki ya kufunguliwa apate kinachomweka hai, na anayedaiwa haki hiyo ni yule aliyemfunga. Tena ng'ombe yule akishakunywa hurudishwa zizini. Hakuna aliyesema kwamba kwa kuwa atarudishwa, basi maji yale hayana maana. Jua kwa kasuku ni kama maji kwa ng'ombe yule. Wala haligharimu kitu ila muda wetu.

Tena kuna njia ya kulitoa bila kumpoteza ndege. Atolewe asubuhi jua likiwa bado pole, akiwa ndani ya tundu imara lenye mlango unaofungwa vizuri. Upande mmoja wa tundu ufunikwe ili apate kivuli akikitaka, na maji yawepo. Akionekana anahema mdomo wazi na kutanua mabawa, joto limemzidi, arudishwe upesi. Mtu akae karibu, kwa maana mwewe, mbwa na watoto wenye fimbo hawakosekani. Asifungwe kamba mguuni, kwa sababu akishtuka na kuruka mguu huvunjika. Wala tusidhani kwamba kumkata manyoya ya mabawa kunamaliza hatari. Manyoya huota tena, na upepo ukimkuta huweza kumbeba hata aliyekatwa, naye akishaanguka mbali hana nguvu ya kumkimbia mbwa.

Hapo kijana mmoja aliuliza: kama ni haki yake, kwa nini tusimfungulie mlango aende zake? Ni swali zuri, nalo linatugusa sana sisi tuliokimbia. Lakini aende wapi? Ndege aliyelelewa tunduni hajui mwewe ni adui, hajui matunda gani ni chakula, na hapa hana kundi la kumfundisha. Pengine msitu wake uko mamia ya kilomita kutoka hapa. Kumwachia hivyo ni kumtupa, ingawa tutaita uhuru. Tena anaweza kupeleka ugonjwa kwa ndege wa porini. Kama familia haiwezi tena kumtunza, au haina kibali ambacho sheria za wanyamapori hudai, heri waende kwa maofisa wa wanyamapori waulize, kuliko kumrusha hewani usiku.

Tuseme na lililo gumu. Wengi wetu tunajua maana ya kuomba kibali cha kutoka. Tunajua kusimama kwenye foleni tukingoja mtu mwingine aamue kama leo tutavuka kizuizi au hapana. Ni rahisi kumtazama kasuku na kusema, huyu ni mkimbizi kama sisi. Lakini hapo tujihadhari. Kwa huyu ndege, sisi si wakimbizi wenzake. Sisi ndio tunaoshika ufunguo. Yale tunayotamani kutoka kwa wenye mamlaka juu yetu, kwamba wakumbuke sisi ni viumbe wa Mungu wala si mizigo ya kuhifadhiwa, ndiyo anayotudai yeye.

Wala saa moja ya jua haifuti jinsi alivyokuja. Kasuku wengi wa sokoni walinaswa porini kwa ulimbo uliopakwa matawini, mara nyingi kwa kutumia kasuku mwingine aliyefungwa ili awaite wenzake. Wengi hufa njiani kabla ya kuuzwa. Nchini Ghana watafiti waliona kwamba tangu mwanzo wa miaka ya 1990 wamepungua kwa asilimia 90 au zaidi. Kwa sababu hiyo, mwaka 2016 mkutano wa mataifa uliofanyika Johannesburg ulikubaliana kukomesha biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wanaonaswa porini. Kumbukumbu la Torati sura ya 22 inamruhusu mtu kuchukua makinda kiotani, lakini inamkataza kumchukua na mama pamoja nao. Mnaswaji wa ulimbo hachagui mama wala kinda.

Basi sisi tunaona hivi. Aliye na kasuku tayari amtoe juani, si mara moja kwa furaha ya wageni, bali kila siku inapowezekana, maana anamdai. Asiye naye asinunue, hata akiuzwa kwa bei ndogo na kusemwa kwamba ndege huyo atakufa asiponunuliwa. Fedha hiyo ndiyo inayomrudisha mnaswaji msituni kuchukua mwingine.

Tunaomba kila jumuiya izungumze juma hili: ni kiumbe gani, mtu au mnyama, ambaye kutoka kwake nje kunategemea mkono wangu? Wamama na wababa wasikilize pia majibu ya watoto.

Mungu awabariki.