Sasisho na Haki ya Mwenye Chombo

Mtu akinunua jembe huwa amenunua na amri juu yake. Mhunzi aliyelifua hawezi kurudi usiku, mwenyewe amelala, akalibadili mpini au akalipunguza makali. Kompyuta haifuati desturi hii. Huuzwa mara moja, lakini mtengenezaji wa programu zake huirudia siku zote. Tangu mwaka 2003 Microsoft hutoa marekebisho ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi, na mwenye kompyuta huombwa ayapokee, au huyakuta yamekwisha kuingia. Hapo huzaliwa swali la maadili: je, mwenye chombo ana haki ya kukataa sasisho?

Watumiaji wengi husema kuwa anayo, na sababu zao si za upuuzi. Karani huwa katikati ya barua ya haraka, mara mashine ikajizima na kujiwasha. Mzee aliyejifunza kwa taabu mahali pa kila kitufe huamka akakuta vitufe vimehamishwa. Mwanafunzi hununua kifurushi cha intaneti kwa akiba ndogo, na sasisho moja hukimaliza chote. Watu hawa hawachukii usalama. Huchukia kuamriwa katika kitu walichokilipia. Hoja yao ni kwamba mwenye nyumba ndiye mwenye ufunguo, na akitaka kulala mlango wazi, hasara ni yake.

Hoja hii ingetosha kama hasara ingekuwa yake peke yake. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa dawa ya ufa mmoja uliokuwa katika Windows. Wengi hawakuipokea. Tarehe 12 Mei mwaka ule ule programu haribifu iitwayo WannaCry ilipita katika ufa huo, ikaenea katika nchi zipatazo 150, ikifunga mafaili ya watu na kudai fedha ili iyafungue. Haikungoja mtu abonyeze kitu. Ilitoka kompyuta moja ikaingia nyingine yenyewe. Katika Uingereza hospitali zilifuta maelfu ya miadi, na baadhi zikalazimika kuwaelekeza kwingine wagonjwa wa dharura. Mgonjwa aliyerudishwa hakukataa sasisho lolote, bali alilipa deni la mlango ulioachwa wazi na mtu mwingine. Basi kompyuta iliyo mtandaoni si nyumba iliyo peke yake porini. Ni chumba katika nyumba ya wapangaji wengi.

Walakini, utii nao una hasara zake. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya ulinzi CrowdStrike ilituma sasisho lenye kasoro. Kompyuta zipatazo milioni 8.5, kwa makisio ya Microsoft, zilianguka. Ndege hazikuruka, mabenki na hospitali zikakwama. Hapakuwa na adui. Waliodhurika ni wale hasa waliomwamini mlinzi, na nyingi ya mashine zao zilibidi kuponywa kwa mkono, moja baada ya moja.

Tena wako wasioweza kutii hata wakipenda. Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, hudai kompyuta iwe na TPM 2.0, yaani kifaa cha kuhifadhi funguo za siri ndani ya mashine. Dai hili lina maana, kwa kuwa siri iliyotunzwa katika kifaa chake ni ngumu kuibwa kuliko iliyoachwa katika programu tupu. Lakini msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na nyongeza iliyotolewa kwa masharti haikuwa ya kudumu. Kompyuta kuukuu zilizotumika kwanza Ulaya, zikauzwa tena Dar es Salaam na Nairobi, nyingine ni nzima kabisa, ila hukataliwa mlangoni. Kumwita mwenye kompyuta ya namna hiyo mzembe ni kumlaumu asiye na viatu kwa kuchomwa na miiba.

Hukumu ya haki hutaka mambo mawili yatenganishwe. Liko sasisho liponyalo, na liko sasisho lipambalo au liuzalo. Kukataa la kwanza pasipo sababu ni kumdhulumu jirani. Kukataa la pili ni haki ya mwenye chombo. Ubaya ni kwamba tangu Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, mtumiaji wa nyumbani hupokea marekebisho ya mwezi kwa jumla. Aweza kuyaahirisha kwa muda, lakini hawezi kuyachambua moja moja. Afungaye dawa na bidhaa katika kifurushi kimoja huwafundisha watu kuitupa dawa. Kila kitufe kilichohamishwa bila haja, na kila tangazo lililopenyezwa pamoja na marekebisho, hupunguza imani. Na imani ikiisha, mtu husema "baadaye" siku ile hasa ya hatari.

Kwa hiyo wajibu una pande mbili. Mwenye kompyuta hana haki ya kuacha mlango wazi kwa uvivu tu. Mtengenezaji naye hana haki ya kudai afunguliwe kila abishapo, ikiwa hasemi alichochukua mkononi. Na aseme kwa lugha nyepesi, aijaribu kazi yake kabla ya kuituma, atenge dawa na mapambo, wala asiitupe mapema mashine iliyo nzima. Karani akijua kwamba kilichobisha hodi ni dawa, ataihifadhi barua yake, kisha atafungua mwenyewe.