Msiandike Pumzi Msizozihesabu

Ndugu zangu wauguzi, nanyi wanafunzi mnaovaa sare kwa mara ya kwanza, isomeni tena Luka sura ya 10. Kuhani alimwona yule majeruhi njiani, akapita. Mlawi alimwona, akapita. Macho walikuwa nayo. Kilichowashinda ni hatua chache za kumfikia. Msamaria alikaribia. Kabla ya mafuta na divai, kabla ya kumpandisha mnyama wake, alikaribia. Uuguzi unaanzia hapo, na hapo ndipo wengi wetu tunapoanguka.

Maana tunaandika pumzi tusizozihesabu! Kuna wodi ambamo ukifungua chati utakuta upumuaji 20, kitanda kinachofuata 20, na cha tatu 20, utadhani wodi nzima inavuta hewa kwa pua moja. Hiyo ni kalamu iliyofika kwa mgonjwa ilhali muuguzi hakufika. Pumzi ni miongoni mwa vitu vya kwanza kubadilika mwili unapozidiwa, mara nyingi kabla presha haijashuka. Mtu mzima anayepumua mara 28 kwa dakika, akaandikiwa 20, hataitiwa daktari. Atalala hivyo hivyo, na huenda asiamke. Shika kifundo cha mkono wake kana kwamba bado unahesabu mapigo, kisha tazama kifua kikipanda na kushuka kwa dakika moja nzima. Dakika moja, ndugu yangu! Kama hukupima, acha nafasi wazi. Nafasi wazi itamshtua mwenzako, namba ya uongo itamlaza usingizi.

Mtasema tuko wachache. Ni kweli, na wenye mamlaka ya kuajiri wana deni kwetu na kwa wagonjwa, tusichoke kuwadai. Lakini kwa kuwa tuko wachache, lazima tujue nani wa kwanza. Anayehangaika kupata hewa, anayevuja damu, aliyekuwa akiongea asubuhi na sasa anajibu ovyo: hao hawasubiri. Shuka zitasubiri. Anayepiga kelele bado ana pumzi ya kupigia kelele. Mfuate kwanza yule aliyenyamaza ghafla.

Na asiyeweza kujigeuza, mgeuze, kwa kawaida kila baada ya saa mbili. Tazama visigino, nyonga, na mfupa ulio juu ya makalio. Vitabu vingi vinatuambia tutafute wekundu. Kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu huo waweza usiuone kabisa. Pitisha mkono, tafuta joto, ugumu, uvimbe, muulize kama panauma. Ndugu wanaokuja na chupa ya uji wafundishe kwa upole: mgonjwa hanyweshwi akiwa amelala chali, na mwenye usingizi mzito halishwi kabisa, maana uji huo utaishia mapafuni. Wanampenda kuliko sisi, ila hawajaambiwa.

Mikono nayo! Mwaka 1847 huko Vienna, daktari Semmelweis aliwataka wenzake waoshe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwapima wazazi, na vifo vya homa ya uzazi vikaporomoka. Wakubwa wengi walimpinga. Sisi hatupingwi na mtu, na bado tunatoka kitanda hadi kitanda na glovu zile zile, tukimpelekea wa pili uchafu wa wa kwanza. Kitakasa mikono kinataka sekunde 20 hadi 30 tu. Sabuni na maji, 40 hadi 60. Kabla ya kumgusa, na baada ya kumgusa. Glovu haziondoi wajibu huo.

Na unaposhika sindano, usimuulize, "Wewe ndiye mama Juma, sivyo?" Mwenye hofu ataitikia, na asiyesikia vizuri ataitikia. Sema, "Shikamoo mama, jina lako kamili nani?" Asipoweza kujibu, soma utambulisho ulio mkononi mwake au muulize ndugu yake, kisha linganisha na faili: jina, dawa, dozi, njia, saa. Kama ni damu, kaa naye dakika 15 za mwanzo. Kitu kimoja kisipolingana, simama. Rudisha dawa mezani, mpigie daktari hata kama ni saa nane ya usiku, hata kama atafoka.