Hojaji Isiyouliza Mwaka

Tuseme yuko kijana wa mwaka wa nne chuoni, amepanga chumba Mugutha, kati ya Ruiru na Juja. Kila asubuhi matatu inampitisha penye mabaki ya mashamba ya kahawa, huku mibuni, kule mabango ya ploti za hamsini kwa mia. Mada ya utafiti ikamjia yenyewe, tena mada nzuri: Barabara Kuu ya Thika ilijengwa upya kati ya 2009 na 2012, ardhi ikapanda bei, mibuni ikang'olewa. Siku hiyo hiyo akaandika kichwa: Athari za Barabara Kuu ya Thika kwa Kilimo cha Kahawa Mugutha. Msimamizi wake akamwambia asome kwanza. Akaitikia, ila hakusoma. Ya nini, naye jibu analo tayari?

Kazi yake iliharibikia hapo, miezi mingi kabla ya siku ya kuitetea. Kichwa kile hakikuuliza kitu. Kilikuwa kimekwisha kuhukumu.

Angekaa maktaba hata wiki mbili, angekutana na mshukiwa wa pili. Katika msimu wa 1987/88 Kenya ilizalisha takriban tani 130,000 za kahawa; miaka ya karibuni haifikishi hata nusu ya hizo. Julai 1989 mgawo wa mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulisimamishwa na bei zikaporomoka duniani kote. Barabara ilikuwa bado miaka 20. Basi ni nani aliyemfanya mkulima ashike panga, bei au barabara? Hilo ni swali la utafiti, nalo linajibika kwa kumuuliza kila mwenye shamba jambo moja: uling'oa mwaka gani?

Hojaji yake haikuwa na swali hilo. Iliuliza kama barabara imeathiri kilimo, ndiyo au la, na karibu kila mtu akatia alama kwenye ndiyo. Nani angekataa, lami ikiwa mbele ya macho yake? Hakuijaribu kwanza kwa watu watano, jambo ambalo lingemchukua alasiri moja. Mzee wa kwanza tu angemuuliza, "Kijana wangu, unasema ile kahawa tuliyong'oa kabla ya barabara, ama hii ya juzi?" naye angerudi nyumbani kuandika upya.

Aliligundua pengo alipofika sura ya nne, zikiwa zimebaki siku chache. Kurudi kwa wakulima wote kulimshinda. Akafanya kile ambacho wanafunzi hukiita kupika data: akajifungia chumbani, akaongeza safu mbili kwenye jedwali, mwaka wa kupanda na mwaka wa kung'oa, akazijaza mwenyewe. Naamini hakuwa mwizi kwa tabia. Asiyepanga kazi yake mapema hufika mahali ambapo uongo ndio njia pekee iliyobaki wazi kabla ya saa ya kukabidhi, na wengi wazuri hupotelea papo hapo.

Siku ya kutetea, mhadhiri mmoja, aliyelelewa kwa pesa za kahawa, akapitisha kidole kwenye jedwali. Hojaji ya 14: amepanda Ruiru 11, mwaka 1979. "Huyu aliipata wapi?" Kijana akasema ndivyo mkulima alivyomweleza. Ruiru 11, aina inayostahimili ugonjwa wa chulebuni, ilitolewa kwa wakulima mwaka 1985 na kituo cha utafiti wa kahawa kilichoko Ruiru, safari fupi ya matatu kutoka chumbani kwake. Wahadhiri wakamwomba karatasi za hojaji zenyewe. Hazikuwa na safu hizo. Kazi ikakataliwa yote, hata kurasa zilizokuwa za kweli, na mahafali yakampita.

Mwaka uliofuata alianza na daftari. Kila alichosoma alikiandikia mwandishi, mwaka na ukurasa papo hapo, maana chanzo kisichoandikwa leo hutafutwa usiku wa kuamkia kukabidhi. Sura ya mbinu aliiandika akiwa bado anahoji, kumbukumbu zikiwa mbichi; utangulizi akauacha mwisho, alipojua anachotangulizia. Kabla ya kuuliza mtu yeyote alipitia ofisi ya chifu akiwa na barua ya chuo. Na hojaji mpya ilianza na mwaka.

Babu mmoja akamjibu bila kusita: 1993, baada ya kupeleka kahawa kiwandani msimu baada ya msimu bila malipo ya maana. Jirani yake aling'oa 2011, mnunuzi wa ardhi akiwa amesimama langoni. Sura ya nne ikabidi igawanywe, waliong'oa kabla ya 2009 upande mmoja, waliong'oa baadaye upande wa pili, na neno "athari" likatolewa kwenye kichwa.