Kipimo na Neno la Mgonjwa

Yako maradhi yasiyoua, lakini humfanya mtu aogope baraza. Mojawapo ni kucheza kwa misuli ya upande mmoja wa uso. Jicho hukonyeza bila idhini ya mwenyewe, kinywa huvutwa kando, na mgeni hudhani anadhihakiwa. Mara nyingi chanzo chake ni mshipa wa damu unaoigandamiza neva ya uso karibu na shina la ubongo. Katika miaka ya 1960, Peter Jannetta wa Marekani alianza kuvitenga viwili hivyo kwa upasuaji.

Basi nani atasema kuwa mgonjwa amepona? Leo kipo chombo cha mawimbi ya sauti tusiyoyasikia. Mawimbi hayo huusukuma msuli, na mtikisiko unaozaliwa husafiri upesi zaidi katika msuli uliokakamaa kuliko katika uliolegea. Hivyo ugumu wa shavu hupata tarakimu, kabla ya kisu na baada yake. Nalisifu jambo hili, kwani daktari hupenda kuona kazi yake imefaulu, na mgonjwa mwenye haya husema amepona ili asimuudhi. Tarakimu haina haya.

Lakini baada ya upasuaji misuli huweza kuendelea kucheza kwa wiki au miezi. Chombo kikionyesha ulegevu, na mgonjwa akasema bado anauficha uso wake mbele za watu, je, tumwite mwongo? Mimi namsadiki. Chombo kimeulizwa habari za shavu. Yeye anajibu habari za maisha yake. Tabibu mwadilifu ataandika majibu yote mawili, wala hatalifuta la mgonjwa kwa kuwa halina tarakimu.