Kutafuta Mdhamini Si Aibu, Kumnunua ni Haramu



Tunamshukuru Mwenyezi Mungu, tunamswalia na kumsalimia Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ndugu waumini wa Kasongo, na ninyi wa Kabambare mtakaofikiwa na karatasi hii, ninaiusia nafsi yangu kwanza, kisha ninyi, tumche Mungu.

Leo nina neno juu ya watoto wetu wanaosoma ng'ambo. Mimi sikusoma mambo ya fedha, nilisoma chuoni kwa ubao na wino. Lakini jambo hili limeingia nyumbani mwangu.

Mtoto wa dada yangu alimaliza masomo ya fedha huko Ubelgiji. Sisi huku tulichinja mbuzi. Tulidhani mwenye diploma ya namna hiyo huingia benki kama mwenye jembe anavyoingia shambani kwake. Kumbe sivyo. Mwanafunzi anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya, akimaliza masomo, anaweza kuomba miezi 12 ya kutafuta kazi, naye lazima aombe kabla kibali chake cha masomo hakijaisha. Ndani ya miezi hiyo apate mwajiri atakayemwombea kibali cha kazi na makazi. Asipompata, njia ni ya kurudi. Ufaransa nako mwenye masta hupewa miezi 12.

Kijana akaandika barua, nyingi sana. Majibu yakafanana: masomo yako mazuri, lakini sisi hatuwaombei wageni kibali. Na sisi huku tulikuwa tukimpigia simu kila juma: bati za nyumba, mahari ya kaka yake, mchele umepanda bei. Hakuna aliyemwuliza kama amekula. Ninajihesabu na mimi katika hao.

Ndipo akatokea dalali kwenye simu. Alisema anayo barua ya kazi ya kampuni ya Uingereza, bei yake dola 3,000. Dada yangu akaja kuniambia anataka kuuza kiwanja.

Ndugu zangu, kumbukeni Mtume (s.a.w.) aliporudi kutoka Taif, amepigwa mawe, miguu yake inatoka damu. Makka ni mji aliozaliwa, na bado hakuweza kuuingia bila mtu wa kumchukua katika ulinzi wake. Akatuma mjumbe kwa Akhnas bin Shariq. Akakataa, akisema yeye ni mshirika tu wa Makuraishi na mtu wa namna yake hana haki ya kutoa ulinzi. Akatuma kwa Suhail bin Amr. Huyo naye akakataa kwa desturi ya ukoo wake. Wa tatu, Mut'im bin Adiyy, akakubali, akasimama na wanawe wamevaa silaha mpaka Mtume akatufu Kaaba. Na Mut'im hakuwa Mwislamu. Mtume hakuusahau wema wake: baada ya Badr alisema kwamba Mut'im angekuwa hai akamwombea mateka wale, angewaachia.

Basi wewe kijana unayehesabu barua za kukataliwa, usione haya. Wengi wanaokukataa hawakudharau, sheria imewafunga, au gharama. Uingereza, kwa mfano, mwajiri lazima awe na leseni ya kudhamini wageni, na tangu Julai 2025 mshahara kwa kawaida usipungue pauni 41,700 kwa mwaka, ingawa wanaotoka masomoni huwekewa kiwango cha chini kidogo. Kampuni ndogo itaogopa. Lakini orodha ya wenye leseni serikali imeiweka wazi, mtu huisoma bure. Anza na hao, tena mwaka mmoja kabla ya kumaliza, usingoje diploma. Yusuf (a.s.) alikuwa mgeni Misri, ametoka gerezani, akaomba asimamie hazina za nchi. Angalieni lakini: kwanza aliwaonyesha namna ya kuweka chakula cha miaka 7 ya neema kwa ajili ya miaka 7 ya njaa. Kazi yake ilitangulia ombi lake.

Na yule dalali? Huko Uingereza mwajiri ndiye hulipia hati ya udhamini, na tangu 31 Desemba 2024 amekatazwa kumtoza mfanyakazi gharama hiyo. Anayekuuzia hati anakuuzia uongo. Ukiipeleka ubalozini umesema uongo kwa maandishi, na mlango unaweza kukufungia kwa miaka. Binti wa Madyan alipomsemea Musa kwa baba yake alitaja mambo mawili, nguvu na uaminifu. Nguvu bila uaminifu, nani atakupa funguo za sanduku la fedha za watu?

Mtaniuliza juu ya riba. Mtume amemlaani mlaji wake, mtoaji, mwandishi na mashahidi. Sitawadanganya kwamba kila meza ya benki ni halali, wala sitatoa fatwa ya kila kazi katika karatasi hii. Ziko kazi za kukagua hesabu. Ziko benki zisizotoza riba: Dubai tangu 1975, Malaysia tangu 1983, na hata Uingereza tangu 2004. Jeddah ipo Benki ya Maendeleo ya Kiislamu, ambayo husomesha pia Waislamu wa nchi zisizo wanachama, kama yetu. Kijana aulize kabla ya kutia sahihi.

Mpwa wangu amebakiwa na miezi 4. Tumekubaliana nyumbani: hakuna kumwomba kitu mpaka miezi hiyo iishe, na akirudi bila kazi atapokewa kama aliyerudi na kazi. Kiwanja cha dada yangu hakikuuzwa. Baada ya sala ya leo, wazazi wenye watoto ng'ambo wabaki barazani, na aliyeahidiwa barua ya kazi kwa pesa aje nayo tuisome pamoja kabla hajatuma hata dola moja.

Wassalaam alaykum warahmatullah.