Nafasi Hutoka Wapi

Mwanamke wa Kasikeu, Ukambani, husuka kikapu cha kiondo akitembea. Husuka akienda soko la Sultan Hamud, husuka akirudi, husuka akimsikiliza chifu barazani. Kitako cha kiondo kinaning'inia mbele yake, uzi wa mkonge aliousokota juu ya paja unakizunguka, na kwa kuwa vidole vinaijua njia, macho yanabaki huru kumwangalia mtoto na mdomo unabaki huru kwa mazungumzo. Nimeyaona hayo tangu utotoni. Kwa miaka mingi niliyachukua kuwa ushahidi kwamba mtu akijipanga vizuri atayaweza yote: nyumba, sanaa yake na, akitaka, masomo pia. Nilikosea, na kosa langu lilianzia katika neno moja.

Neno hilo ni nafasi. Tunasema "sina nafasi" tukimaanisha muda, kana kwamba kila mtu hugawiwa saa zake 24 alfajiri na anayezikosa jioni amezitapanya mwenyewe. Lakini nafasi ni muda, ni mahali, ni fursa. Na imetoka katika mzizi ule ule wa Kiarabu uliotupa nafsi, mzizi wenye maana ya pumzi. Upande wetu wa Kibantu ulifika hapo hapo kwa njia yake: pumzi, kupumua, kupumzika. Mwenye nafasi, basi, ni yule awezaye kuvuta pumzi ndani ya saa yake bila kuwaza sufuria iliyo motoni. Saa tupu kwenye ratiba haitoshi.

Neno shule nalo lina siri yake. Tulilipata kwa Wajerumani walipoitawala Tanganyika, nao walilipata katika Kilatini, na Kilatini kikalipata kwa Wagiriki, ambao kwao lilimaanisha wasaa, ule utulivu wa mtu asiyesukumwa na kazi. Kusoma kulikuwa jambo la waliopumzika. Aristotle aliliona sharti la jambo hilo na hakulificha. Katika kitabu chake juu ya siasa aliwaza kwamba kama vyombo vya mfumaji vingefuma vyenyewe, mabwana wasingehitaji watumwa. Havikufuma vyenyewe. Kwa hiyo Mgiriki aliyekaa kuijadili hekima alikaa juu ya mgongo wa mtu mwingine. Namlaumu Aristotle kwa kuuona utumwa kuwa jambo la asili, lakini swali lake nalishika: wakati mmoja wetu anasoma, nani anafuma?

Kasikeu swali hilo lina jibu, na halipendezi. Jirani yetu mmoja, mama wa watoto watano, alijiandikisha masomo ya ngumbaru, yaani ya watu wazima. Alitaka kuisoma kadi ya kliniki mwenyewe na kuandika jina lake kwenye daftari la chama badala ya kubonyeza kidole gumba. Alikuwa mwepesi wa kushika. Miezi michache baadaye akaacha, na watu wakasema yale yanayosemwa: mtu mzima hana subira ya kukaa darasani. Mimi nilimuuliza. Aliniambia kwamba siku za darasa maji yalitekwa na binti yake wa darasa la saba, na kwamba usiku mmoja alilifungua daftari la binti huyo, sasa akiwa anajua kidogo kusoma, akaona kazi ya nyumbani haijafanywa. Herufi alizojifunza ndizo zilizomwonyesha bei ya masomo yake. Akalirudisha daftari mkobani, na darasani hakurudi tena.

Hapo ndipo nilipoacha kuamini hadithi ya mizani. Tunapomshauri mtu mzima "asawazishe" masomo, nyumba na anachokipenda, tunamweka peke yake mbele ya mizani kana kwamba vitu vyote vilivyo juu yake ni vyake. Maji ni ya nyumba nzima. Kuni ni za nyumba nzima. Mtoto ana baba. Mama yule hakukosea hesabu ya saa zake. Alikabidhiwa hesabu ya watu saba na kuambiwa ni yake.

Kenya haijakosa nia. Sheria ya Bodi ya Elimu ya Watu Wazima ilipitishwa mwaka 1966, na mwaka 1979 ikaanzishwa kampeni kubwa ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa mwaka 2006 ulikuta watu wazima waliofikia kiwango cha chini cha kusoma na kuandika ni asilimia 61.5, wanawake wakiwa nyuma ya wanaume. Tunapenda kumtaja mzee Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza kule Eldoret mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84, na anastahili heshima yote aliyopewa. Lakini mzee Maruge hakuwa na mtoto mgongoni. Wanaomtumia kumwaibisha mwanamke wa miaka 35 wanalinganisha nyakati mbili za maisha zisizolingana.

Kiondo je? Kwa kuwa husukwa njiani, kimeonekana kuwa kitu kisichodai nafasi, na kisichodai huonekana hakihitaji. Hata lugha inasitasita hapa: jambo ufanyalo kwa kulipenda tunaliita uraibu, na neno hilo hilo ndilo tunalolitumia kwa mlevi. Mfanyabiashara akileta oda huleta na rangi zake, ukubwa wake na siku yake. Fedha hizo hulipa karo, nami sizidharau hata kidogo. Lakini jirani yetu ana kiondo kimoja ambacho hajakiuza, chenye mistari ya kahawia na nyeusi inayopinda pale ambapo haikutarajiwa kupinda. Alikisuka akiwa amekaa, mvua za Novemba zikinyesha, shamba la pojo limekwisha kupaliliwa mara moja, hakuna aliyemwita. Ukikiweka pamoja na vile vya oda, mtoto mdogo atakuonyesha kipi kilisukwa na mtu aliyekuwa akipumua.

Wakamba tunajua kugawana mzigo. Mwethya, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, ndio uliochimba matuta ya milima yetu na kuuzuia udongo usiende na mito. Hakuna mtu mmoja angeyaweza matuta yale, na hakuna aliyemlaumu mtu mmoja kwa kutoyaweza. Sioni kwa nini kilichofaa kwa udongo kisifae kwa saa mbili za darasa: wanawake wapokezane watoto, na wanaume washike punda na mitungi. Hili la pili ndilo gumu, najua. Nimelelewa katika nyumba ambayo mvulana akionekana kisimani aliulizwa kama mwaitu, yaani mama, ni mgonjwa.

Basi nakuomba wewe mume, wewe mwana uliyekwisha kuwa na nguvu. Usimwambie mama wa nyumba ajipange. Muulize darasa lake ni siku gani, na siku hiyo uteke maji wewe, kabla binti hajatoka shuleni.